Mapepo walitoka wapi hasa: malaika walioasi, au roho za majitu waliokufa?

Karani wa Pango (#1)
Wakuu, salamu.

Ukimuuliza muumini yeyote mapepo ni nani, atakujibu bila kusita: Lusifa aliasi mbinguni, akavuta theluthi ya malaika, wakatupwa chini, na hao ndio mapepo. Sasa fungueni Biblia mnioneshe sura moja inayosimulia hayo kwa mpangilio huo. Haipo. Kisa hicho kimeunganishwa kutoka sehemu nne: Isaya 14, Ezekieli 28, Luka 10:18 na Ufunuo 12, na kila moja ilikuwa inazungumzia jambo lake.

Wakati huohuo kuna simulizi kongwe iliyonyooka kabisa, mwanzo mpaka mwisho, kwenye Kitabu cha Henoko sura ya 6 hadi 16. Humo mapepo si malaika. Ni roho za majitu waliozaliwa na malaika kwa wanawake wa kibinadamu. Baba zao wamefungwa chini ya ardhi, wao wanazurura bila miili. Na walimu wa Kanisa wa karne ya 2 walilishika fundisho hilo au linalokaribiana nalo sana.

Hoja yangu: la majitu ndilo kongwe, la Lusifa lilikuja kulifunika. Anayebisha aje na vifungu.

Katekista (#2)
Karibu mkuu, mada nzuri. Ila usiwafanye watu waamini kwamba Kanisa limetundika fundisho lake kwenye Isaya 14 peke yake. Mtaguso wa Nne wa Laterani (mkutano mkuu wa maaskofu), 1215, ulisema hivi: Ibilisi na pepo wengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili yao, wakawa waovu kwa kutaka kwao wenyewe. Basi.

Angalia nani alikuwa anajibiwa. Kusini mwa Ufaransa kulikuwa na Wakathari waliofundisha kwamba kuna asili mbili, moja njema na moja ovu, na kwamba vitu vyote vinavyoonekana ni kazi ya ile ovu. Mtaguso ulifunga mlango huo: hakuna muumba wa pili. Haukutaja idadi ya walioasi, haukutaja lini, haukutaja walianguka vipi. Kwa hiyo ile "theluthi" ni usomaji wa Ufunuo 12:4, haijawahi kuwa sharti la imani.

Mzee Kifungu (#3)
Niweke vifungu sawa kabla mambo hayajachanganyika.

Isaya 14: mstari wa 4 unasema wazi kwamba maneno haya ni ya kumtungia mfalme wa Babeli. Mstari wa 11 unamlaza juu ya funza. Mstari wa 16 watu wanamkazia macho wakiulizana kama huyu ndiye mtu aliyeitetemesha dunia. Mtu. Malaika haozi.

Ezekieli 28: mfalme wa Tiro. Hapa nakubali lugha ya kerubi na Edeni inapanda juu kuliko mfalme wa kawaida, ndiyo maana wengi walimwona Shetani nyuma yake.

Luka 10:18: wale wanafunzi sabini wamerudi wakifurahi kwamba hata pepo wanawatii, Yesu anajibu kwamba alimwona Shetani akianguka kama umeme. Hajasema ni kabla ya Adamu.

Ufunuo 12: hesabuni mistari. Mtoto anazaliwa mstari wa 5, vita ya Mikaeli na joka inaanza mstari wa 7. Kama mtoto ni Kristo, vita imekuja baada yake. Anayeiweka kabla ya uumbaji atueleze ameipindua kwa idhini gani.

Kijana Mdadisi (#4)
Mimi najua Henoko kilitolewa kwenye Biblia na mtaguso wa Nikea mwaka 325, ndiyo maana hatufundishwi. Si ndivyo?

Geez_Msomaji (#5)
Mdadisi, hapana, na hili linasambaa sana. Nikea ilitoa kanuni 20. Zinahusu kuwekwa kwa maaskofu, walioikana imani wakati wa mateso, makasisi wanaokula riba, mamlaka ya Aleksandria na Antiokia, mambo kama hayo. Hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia.

Henoko hakikuondolewa siku moja. Kilikauka polepole kwa Wagiriki na Walatini kwa sababu viongozi walikitilia shaka, na kitabu kisichosomwa kanisani hakinakiliwi. Ethiopia hakikutoka kamwe. Kanisa la Tewahedo, la Kiorthodoksi la huko, linacho ndani ya Biblia mpaka leo, kwa Kigeʼez, lugha ya kale ya Ethiopia, sura 108. James Bruce, msafiri wa Uskoti, alirudi Ulaya na nakala mwaka 1773, na Richard Laurence akatoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1821. Walioshuku kwamba ni kazi ya Wakristo wa baadaye walinyamazishwa na pango namba 4 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi: vipande vya Kiaramu, vingine vya karne ya 2 K.K. J. T. Milik alivichapisha 1976.

Angalizo moja: sura ya 37 hadi 71, zile zinazoitwa Mifano, hazikupatikana Qumran hata kipande kimoja. Anayenukuu Henoko humu aseme anatoa sura gani. Kitabu hiki ni vitabu kadhaa vilivyofungwa pamoja.

Binti Lulu (#6)
Asante #5. Basi uwekee watu yaliyomo sura 6–16, maana wengi wanakitaja bila kukisoma.

Geez_Msomaji (#7)
Sawa, kwa ufupi wa kutosha.

Sura ya 6: siku za Yaredi, malaika 200 waitwao Walinzi wanashuka juu ya mlima Hermoni. Kiongozi wao Semyaza anaogopa kwamba wenzake watamwacha abebe dhambi peke yake, kwa hiyo anawalisha kiapo wote. Chini yake kuna wakuu wa makumi, na majina yao yametajwa.

Sura ya 7: wanaoa, wanawake wanazaa majitu wenye urefu wa dhiraa 3000. Kwa dhiraa ya sentimita 45 hiyo ni zaidi ya kilomita moja, hivyo msihangaike kutafuta mifupa. Majitu wanakula mazao yote ya watu, yakiisha wanawala watu, kisha wanyama, kisha wao kwa wao, na kunywa damu.

Sura ya 8 ndiyo ninayoipenda kwa undani wake. Azazeli anafundisha kufua panga, visu, ngao na deraya. Vikuku na mapambo. Wanja wa macho. Vito na rangi za kutia nguo. Semyaza anafundisha uganga na kukata mizizi. Barakieli utabiri wa nyota, Kokabieli makundi ya nyota, Sarieli mwendo wa mwezi.

Sura ya 10: Rafaeli anaamriwa amfunge Azazeli mikono na miguu, apasue jangwa la Dudaeli, amtupe humo, amrundikie mawe makali na kumfunika uso asione nuru. Mikaeli anamfunga Semyaza na wenzake kwa vizazi 70.

Sura ya 15, mstari wa 8 mpaka 12, ndiyo moyo wa uzi huu: kwa kuwa majitu walizaliwa na roho na mwili, miili yao ikifa roho zao zinatoka na kubaki duniani, zinaitwa roho wachafu. Hazili, lakini zina njaa na kiu. Zinawainukia wanadamu kwa sababu zimetoka kwao.

Katekista (#8)
Tatizo la kwanza: Mathayo 22:30. Malaika hawaoi wala hawaolewi. Simulizi yote inaanguka hapo.

Karani wa Pango (#9)
#8 soma mstari wote: ni kama malaika *mbinguni*. Henoko mwenyewe, sura ya 15, analaumu hilohilo: ninyi mlikuwa wa kiroho, wa milele, kwa hiyo sikuwapa wake, mmeacha mbingu. Mwandishi anajua kwamba hawapaswi kuoa, na kosa lao ndilo hilo.

Halafu ongeza Waraka wa Yuda. Mstari wa 6: malaika wasioilinda enzi yao, wakayaacha makao yao, wamewekwa katika vifungo vya giza. Mstari wa 7: vivyo hivyo Sodoma na Gomora, waliofuata mwili usio wa asili. Dhambi ya wale malaika inafananishwa na ya Sodoma. Kiburi cha Lusifa hakifanani na Sodoma kwa lolote. Na mistari ya 14 na 15 Yuda anamnukuu Henoko kwa jina, "mtu wa saba baada ya Adamu".

Sasa swali gumu kwa upande wa pili. Yuda 6 na 2 Petro 2:4 zinasema malaika waliokosa *wamefungwa*. Kama wamefungwa gizani mpaka hukumu, nani anawasumbua watu kule Kapernaumu?

Mzee Kifungu (#10)
Swali hilo lina nguvu. Na linaendana na tabia ya pepo katika Injili. Mathayo 12:43, pepo mchafu akimtoka mtu hupitia mahali pasipo maji akitafuta raha asipate. Marko 5, wanaomba waingie hata kwenye nguruwe, kama 2000. Malaika popote anapotajwa hana shida ya mwili wa kukalia: Gabrieli anakuja, anasema, anaondoka. Hawa wana tabia ya kitu kilichopoteza nyumba.

Na Mathayo 8:29 wanalia: "Umekuja kututesa kabla ya muhula wetu?" Wanajua wana muda waliopewa.

Geez_Msomaji (#11)
Muhula huo upo kwenye Kitabu cha Yubilei, sura ya 10, ambacho nacho ni Biblia kwa Waethiopia, wanakiita Kufale. Baada ya gharika mapepo wanawaharibu wajukuu wa Nuhu. Nuhu anaomba. Mungu anaamuru wafungwe wote. Hapo mkuu wao Mastema anakuja kujitetea: niachie baadhi, bila hao sitaweza kutekeleza mamlaka yangu juu ya wanadamu. Anaachiwa sehemu moja ya kumi, sehemu tisa zinashushwa mahali pa hukumu. Kisha malaika wanamfundisha Nuhu dawa za miti shamba za kutibu magonjwa ya hao waliobaki, Nuhu anaziandika na kumkabidhi Shemu.

Kwa maana hiyo wale wa Marko 5 wako ndani ya ile sehemu ya kumi, na wanaogopa kwamba kibali kimekwisha.

Kijana Mdadisi (#12)
Hapo kwenye nguruwe, tukio lilikuwa Gerasa au Gadara? Mathayo na Marko hawasemi sawa.

Mzee Kifungu (#13)
Nakala za zamani zinatofautiana: Gerasa, Gadara, Gergesa. Gerasa ndiyo Jerash ya leo Yordani, zaidi ya kilomita 50 kutoka ziwani. Nguruwe wasingefika wakiwa hai. Gadara iko karibu zaidi, lakini kati yake na ziwa kuna bonde la mto Yarmuk. Origene, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, ndiye aliyetetea Gergesa kwa sababu ya mteremko ulio karibu na maji. Wahujaji walipashika Kursi, upande wa mashariki wa ziwa, na magofu ya monasteri ya Kibizanti yapo hapo.

Turudi kwenye mapepo.

Maalim Pwani (#14)
Assalaam alaykum, na wengine habari zenu. Nimefuatilia tangu juu, na kuna maelezo ya tatu hamjayataja, ambayo sisi huku tunayajua kwa njia yetu. Katika Qurani (2:34, 7:11 na kuendelea, 38:71 na kuendelea) Iblisi anaangushwa kwa kukataa kumsujudia Adamu: mimi umeniumba kwa moto, yeye kwa udongo. Majini ni viumbe vya moto, na Sura ya Kahfi 18:50 inasema Iblisi alikuwa miongoni mwa majini. Hakuna haja ya ndoa za malaika wala majitu.

Swali langu: Wakristo nao hawakuwa na hadithi ya sijda?

Binti Lulu (#15)
Walikuwa nayo, Maalim. Ipo kwenye Maisha ya Adamu na Hawa, toleo la Kilatini, sura ya 12 hadi 16. Adamu anamuuliza Shetani kwa nini anawaandama. Shetani analia: ni kwa sababu yako nimefukuzwa. Ulipoumbwa kwa mfano wa Mungu, Mikaeli aliwaita malaika wote wausujudie mfano huo. Nikasema siwezi kumsujudia aliye chini yangu, mimi nilikuwepo kabla yake, yeye ndiye anisujudie mimi. Malaika walio chini yangu nao wakakataa. Mikaeli akaonya kwamba Mungu atakasirika. Nikajibu, akikasirika nitaweka kiti changu juu ya nyota.

Oneni hapo mwishoni: maneno ya Isaya 14:13 yamewekwa kinywani mwa Shetani. Kwa hiyo #3, usomaji wa Isaya 14 kuhusu Shetani una mizizi mirefu ndani ya hadithi hii, haukutungwa na wahubiri wa juzi.

Mzee Kifungu (#16)
Mizizi mirefu sawa, binti yangu. Mfalme wa Babeli bado yupo mstari wa 4.

Katekista (#17)
Hahaha, mzee hamwachii mfalme wake.

Nirudi kwa #1. Umesema walimu wa karne ya 2 walikuwa upande wako. Wataje, tusome walichoandika.

Karani wa Pango (#18)
Yustino Mfiadini, Utetezi wa Pili, sura ya 5: Mungu aliwakabidhi malaika ulinzi wa vitu vilivyo chini ya mbingu, wakavuka agizo, wakatekwa na wanawake, wakazaa watoto, na hao ndio waitwao mapepo. Hao ndio, kwa Yustino, walioiba sadaka na ubani wakijiita miungu.

Athenagora wa Athene, ombi lake kwa Kaisari Marko Aurelio, yapata mwaka 177, sura ya 24 na 25: roho za majitu ndizo mapepo wanaozunguka duniani.

Tertuliano wa Karthago, katika kitabu chake juu ya mavazi ya wanawake, anakitetea Henoko hadi anaeleza kilivukaje gharika: ama Nuhu alikihifadhi kama urithi wa babu yake mkuu, ama Roho alikirejesha baadaye.

Hao ni watatu kutoka pembe tatu: Mpalestina aliyeishi Rumi, Mwathene, Mwafrika.

Katekista (#19)
Na aliyewapinga alikuwa Mwafrika pia. Agostino, Mji wa Mungu, kitabu cha 15, sura ya 23: "wana wa Mungu" ni ukoo wa Sethi waliojichanganya na ukoo wa Kaini. Kabla yake Yulio Afrikano, karne ya 3, alikwishagusia maelezo hayo, na Krisostomo akayashika kwa nguvu. Agostino anasema vitabu vilivyobeba jina la Henoko vimekosa uhakika kwa sababu ya ukale wao, huwezi kujua nani kaviandika.

Kuna sababu ya kina zaidi. Ukisema pepo ni mtoto wa ndoa haramu, unasema alizaliwa akiwa mwovu. Basi kosa ni la nani? Agostino alikuwa amepigana miaka mingi juu ya swali hili na Wamani, wafuasi wa Mani waliofundisha kwamba uovu una asili yake yenyewe. Alitaka kila kiumbe kiovu kiwe kilianza kikiwa chema na kikageuka kwa hiari. Roho za majitu haziingii kwenye kanuni hiyo, na hapo ndipo Henoko kilipopoteza nafasi Magharibi.

Karani wa Pango (#20)
Hilo ni jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma humu. Linaeleza kwa nini fundisho la majitu lilishindwa. Kama lilikuwa la uongo, bado halijaonesha.

Ngamia wa Jangwa (#21)
Mnabishana walitoka wapi, watawa wa Misri walijali zaidi wanafanyaje kazi. Evagrio wa Ponto, aliyefariki 399 huko Kellia, makazi ya watawa jangwani Misri, aliandika kama fundi anayefungua mashine. Sikilizeni anavyomweleza pepo wa adhuhuri, yule wa Zaburi 91:6, ambaye Biblia ya Kigiriki inamwita pepo kabisa.

Anamvamia mtawa yapata saa nne na kumzingira mpaka saa nane. Saa zao zinahesabiwa toka macheo kama zetu, kwa hiyo huna haja ya kugeuza: saa nne asubuhi, saa nane mchana. Kwanza anafanya jua lionekane halisogei, siku iwe na saa 50. Anamfanya mtawa atazame dirishani kila mara, atoke nje ya chumba, alikodolee jua macho kuona limebaki kiasi gani kufika saa tisa, ambayo ndiyo saa ya kula. Aangaze huku na huku kama kuna ndugu anakuja. Kisha anampandikizia chuki ya mahali pale na ya kazi ya mikono. Kisha: upendo umekwisha kwa ndugu zako, hakuna wa kukufariji. Kama kuna mtu aliyemuudhi siku hizo, anamleta mbele. Kisha anamwonesha mahali pengine ambako riziki ni rahisi. Mwisho anamletea ndugu na maisha ya zamani, na kumchorea uzee mrefu wa taabu.

Dawa: usitoke chumbani saa hiyo hata kwa kisingizio chema, gawa nafsi yako mbili kwa machozi, nusu iifariji nusu, kwa maneno ya Zaburi 42:5, "Nafsi yangu, kwa nini kuinama". Na kwa kila wazo kuna aya ya kulijibu. Alitunga kitabu kizima cha majibu hayo.

Jambo jingine la kushika: kwa Evagrio pepo hawaijui mioyo. Wanasoma maneno yako na miondoko ya mwili, kutoka hapo wanakisia.

Binti Lulu (#22)
Ngamia umetupeleka mbali lakini kwa faida. Ila Evagrio naye ana jibu la asili yao, usimfiche. Alimfuata Origene: akili zote, yaani viumbe wote wa kiroho, ziliumbwa sawa, zikapoa katika kumtazama Mungu, zilizopoa kidogo ni malaika, za katikati ni wanadamu, zilizopoa zaidi ni mapepo. Na kwa Origene hata hao wanaweza kurudi. Mafundisho hayo yalilaaniwa na Kaisari Yustiniani mwaka 543 na tena wakati wa mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 553. Hayo ni maelezo ya nne.

Maalim Pwani (#23)
La tano liko kwa Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi. Katika Vita vya Wayahudi, kitabu cha 7, anasema pepo ni roho za wanadamu waovu waliokufa, zinazoingia walio hai. Anaeleza mzizi uitwao baarasi, unaoota karibu na ngome ya Makeronti. Ukiugusa unakufa. Wanachimba kuuzunguka mpaka ubaki kidogo tu ardhini, wanamfunga mbwa kwenye mzizi, mwenyewe anaondoka, mbwa anamfuata na kuung'oa. Mbwa anakufa papo hapo badala ya mtu. Baada ya hapo unashikika, na ukimkaribishia mgonjwa pepo anatoka.

Katika kitabu chake kingine, Mambo ya Kale, kitabu cha 8, anasema alimwona Eleazari akimtoa mtu pepo mbele ya Vespasiano, jemadari wa Kirumi aliyekuja kuwa Kaisari, na askari wake. Pete yenye mzizi chini ya muhuri, inawekwa puani, pepo anavutwa kupitia pua, mtu anaanguka, Eleazari anamwapisha pepo asirudi kwa jina la Suleimani. Ili watu wasidhani ni maigizo, anaweka beseni la maji pembeni na kumwamuru pepo alipindue akitoka.

Kijana Mdadisi (#24)
Kwa hiyo wale mapepo 72 wa Suleimani, wenye mihuri, wametoka humo?

Geez_Msomaji (#25)
Orodha ya 72 ni ya karne ya 17, Ulaya. Kabla yake Johann Weyer, daktari, alichapisha orodha ya 69 mwaka 1577, akiiambatisha kwenye kitabu cha kupinga uchomaji wa wanawake walioitwa wachawi. Haina uhusiano na Qumran wala Yosefo.

Kilicho cha kale zaidi ni Agano la Suleimani, la Kigiriki. Kinaanza hekaluni: pepo Ornia anamnyonya kidole gumba mtoto wa fundi mkuu kila jua likizama na kumpokonya nusu ya ujira na chakula. Mikaeli anamletea Suleimani pete, mtoto anamrushia pepo kifuani, na kuanzia hapo Suleimani anawahoji mmoja mmoja: jina, nyota yako, unadhuru vipi, malaika gani anakuzuia. Kisha anawapa kazi ya mawe.

Ushahidi kwa #1: Asmodeo akihojiwa sura ya 5 anasema mama yake ni mwanadamu na baba yake ni malaika. Ushahidi kwa #2: sura ya 6 Beelzebuli anasema yeye ni malaika wa mbinguni aliyeanguka. Kitabu kimoja, asili mbili.

Binti Lulu (#26)
Huyo Asmodeo ndiye wa Kitabu cha Tobiti. Alimwulia Sara, binti Ragueli wa Ekbatana, waume saba usiku wa harusi. Tobia, mwana wa Tobiti na mume wa nane, anavua samaki mto Tigri, Rafaeli anamwambia atunze moyo, ini na nyongo. Moyo na ini juu ya makaa ya ubani chumba cha harusi; harufu inamkimbiza pepo hadi Misri ya juu, Rafaeli anamfuata na kumfunga (8:3). Nyongo ni ya macho ya baba yake aliyepofuka. Watu huchanganya: nyongo haikuchomwa usiku ule. Ragueli naye alikuwa ameshachimba kaburi usiku, akalifukia kabla ya alfajiri majirani wasijue.

Rafaeli anafunga hapa, na ndiye aliyemfunga Azazeli kwenye #7. Malaika mmoja, kazi moja, vitabu viwili.

Mzee Kifungu (#27)
Ethiopia kuna jambo la vitendo zaidi ya hayo. Geez, waeleze hirizi za ngozi.

Geez_Msomaji (#28)
Ndiyo, mzee. Debtera, ambaye ni mwimbaji na msomi wa kanisa, anatengeneza ukanda wa ngozi ya kondoo au mbuzi kwa urefu wa mgonjwa mwenyewe, utosi hadi nyayo, ili kiungo chochote kisibaki wazi. Vipande vinashonwa mfululizo. Wino mweusi kwa sala, mwekundu kwa majina matakatifu. Jina la ubatizo la mwenye nalo linaandikwa ndani. Likiuzwa, jina la zamani hukwanguliwa au kufutwa na jipya kuandikwa juu, ndiyo maana nakala za makumbusho zina majina yaliyochubuka. Linakunjwa na kuvaliwa kwenye kifuko cha ngozi.

Sala maarufu ni ya Susenyo, mtakatifu juu ya farasi anayemchoma kwa mkuki Werzelya, pepo wa kike anayeua watoto wachanga. Wagiriki wana kisa hichohicho: Sisinio na Gilo, mwenye majina kumi na mawili na nusu. Ukiyajua majina, haingii.

Kijana Mdadisi (#29)
Na kanisani je? Padri yeyote anaweza kutoa pepo?

Katekista (#30)
Hapana. Kanoni 1172 ya Sheria za Kanisa Katoliki: anayefukuza pepo kwa taratibu rasmi lazima awe na ruhusa maalumu na ya wazi ya askofu wa mahali, na ruhusa hiyo apewe padri mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Kitabu cha ibada cha 1614 kinaanza kwa kuonya: usiamini upesi, tofautisha na ugonjwa. Dalili zilizotajwa ni kusema au kuelewa lugha asiyoijua, kufichua yaliyo mbali au yaliyofichika, na nguvu zisizolingana na umri wala mwili. Maswali yanayoruhusiwa ni idadi yao, majina, wameingia lini na kwa sababu gani. Maswali ya udadisi yamekatazwa. Toleo jipya limetoka 1999.

Kinachoharibika kikifanywa kienyeji kipo Matendo 19. Wana saba wa Skewa walitumia jina wasilolimiliki, wakajibiwa "Yesu namjua, na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni nani?", wakatoka mbio uchi wamejeruhiwa.

Ngamia wa Jangwa (#31)
Sawa. Tumefika #31 na swali la #1 bado. Mimi nina pingamizi moja kwa hoja ya majitu. Mathayo 25:41, moto wa milele umewekwa tayari kwa "Ibilisi na malaika zake". Kama mapepo ni kundi tofauti na malaika waovu, Bwana amewasahau kwenye hukumu? Na Marko 3:22 Beelzebuli ni mkuu wa pepo, Yesu anamjibu kwa kumtaja Shetani. Mkuu na jeshi wanaonekana ni wa aina moja.

Karani wa Pango (#32)
Mastema naye ni mkuu wa wasio wa aina yake, angalia #11. Na moto huo uliowekwa tayari unafanana na Henoko sura ya 54: bonde refu linalowaka, minyororo inatengenezwa kwa ajili ya majeshi ya Azazeli, Mikaeli, Gabrieli, Rafaeli na Fanueli wanawatupa humo.

Ngamia wa Jangwa (#33)
Sura ya 54 iko ndani ya Mifano, ile isiyopatikana Qumran. Soma #5 tena kisha uniambie nani kamnukuu nani.